Naomba ushauri: tangi la samaki la lita 540, plaiwudi au akriliki?

Pezi
Wakuu, salamu. Samaki wangu wa dhahabu wamekua, tangi walilomo limewabana na nawahurumia kila nikiwatazama. Nataka kuwatengenezea jipya kwa mkono wangu: urefu sm 150, upana sm 60, kimo sm 60. Nimebaki njia panda kati ya kasha la plaiwudi lenye kioo mbele na tangi la akriliki (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) pande zote. Kukata mbao, kupiga msasa na kufunga skrubu naviweza. Epoksi, ile gundi ya kuchanganya na kikaushio inayopakwa kuzuia maji, sijawahi kuishika. Je, plaiwudi itastahimili maji yote hayo bila kufumuka? Na kioo kikae nje ya fremu au ndani? Naombeni mnielekeze kabla sijanunua chochote.

Bi Shwari
Pezi, anza na kimo. Kinachosukuma kuta ni kina cha maji, siyo wingi wa lita. Kwa vipimo vyako, tangi likijaa hadi ukingoni, ukuta wa mbele utasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 270, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko chini. Sasa shusha kimo kiwe sm 45, upana uwe sm 80. Lita ni zilezile 540, ila msukumo wa mbele unashuka hadi kama kilo 150. Kuta za ubavuni nazo zinapata nafuu. Samaki wa dhahabu wanataka nafasi ya kwenda na kurudi, na uso mpana wa maji unapitisha hewa vizuri zaidi. Kina kirefu hakiwasaidii kitu.

Mng'aro
Akriliki ndiyo kazi yangu na naipenda kwa dhati, lakini kwa tangi la kwanza la ukubwa huu siishauri. Ni nyepesi, kama nusu ya uzito wa kioo, na haivunjiki ovyo. Tatizo lipo kwenye maungio. Akriliki haigundishwi kama mbao. Kiyeyushi kinalainisha kingo mbili mpaka zinakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo kingo lazima ziwe zimenyooka kabisa, maana kiyeyushi ni chepesi kama maji na hakizibi pengo. Ukiona viputo ndani ya ungio, hapo ndipo litakapoanza kuachia. Tena utahitaji akriliki iliyomiminwa kwenye kalibu, siyo ile ya kusukumwa kwa mashine, ambayo hupata nyufa ndogondogo ikiguswa na kiyeyushi. Na inachubuka upesi: punje moja ya mchanga ikinasa kwenye sifongo ya kusafishia, alama inabaki.

Pezi
Asanteni sana. Hesabu ya Bi Shwari imenifungua macho, nachukua 150 × 80 × 45. Plaiwudi basi. Mkuu Randa, najua huwa unapita huku, tusaidie upande wa ubao na epoksi.

Randa
Nipo, mkuu. Plaiwudi ya mm 18 inatosha kwa kimo hicho, iwe ya marini (ile ya kuundia mashua) au nyingine iliyounganishwa kwa gundi isiyoogopa maji. Kagua kingo: ukiona mapengo kati ya matabaka, iache. Usichukue iliyotiwa dawa ya wadudu. Baadhi ya dawa hizo zina shaba, na shaba ni sumu kwa viumbe wa majini.

Ukuta wa mbele usiutengeneze kwa vipande vinne. Chukua plaiwudi nzima, kata dirisha katikati, acha mkanda wa sm 8 kuzunguka pande zote. Hapo kona za fremu hazina ungio, na ndiyo nguvu yenyewe. Juu ya tangi weka mkanda mmoja katikati, kutoka mbele hadi nyuma, ili kuta ndefu zisitanuke. Maungio yote yapate gundi na skrubu, na matundu ya skrubu yatoboe kwanza ili ubao usipasuke. Tundu lolote la bomba lichimbwe sasa, kabla ya epoksi, ili kingo zake nazo zipakwe.

Kioo kinakaa ndani. Hili halina mjadala kwangu. Kikiwa ndani, maji yanakikandamiza kwenye fremu na silikoni, ile gundi ya mpira inayokishika, inazidi kubanwa. Kikiwa nje, kila lita inajitahidi kukibandua.

Epoksi sasa. Jaza kona zote za ndani kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa kukazia, uifanye mviringo, kwa sababu kitambaa cha faibaglasi (nyuzi za kioo) hakikunji kona kali. Kitaacha hewa chini yake. Laza kitambaa kwenye kona zote, kisha paka tabaka tatu au zaidi. Pima kwa uwiano wa mtengenezaji bila kukisia: kuzidisha kikaushio hakuharakishi kazi, kunaiacha laini milele. Changanya kidogokidogo, kwani kikombe kikubwa hupata moto chenyewe na kuganda mkononi. Paka jioni joto linaposhuka. Ukipaka asubuhi, ubao unapopata joto hewa iliyo ndani hutanuka na kutoboa epoksi vitundu ambavyo huvioni mpaka maji yavione. Kabla ya kupiga msasa osha ule utelezi unaobaki juu kwa maji safi, la sivyo tabaka linalofuata halitashika. Vaa glavu, na barakoa wakati wa msasa.

Pezi
Mkuu, nimeelewa kila hatua. Swali moja: dirishani naweza kuweka akriliki badala ya kioo, kupunguza uzito?

Mng'aro
Hapana. Silikoni haishiki vizuri kwenye akriliki, na akriliki hufyonza maji kidogo na kupinda. Weka kioo cha mm 10.

Randa
Naunga mkono. Sugua epoksi kwa msasa pale kioo kitakapokaa, tumia silikoni isiyo na dawa ya ukungu, na usikikandamize kioo sana, silikoni isije ikatoka yote; weka vipande vya mm 3 ili ibaki unene huo. Mkanda wa silikoni mpana hivyo hukauka polepole kutoka pembeni kuelekea ndani. Subiri wiki nzima au zaidi, mpaka harufu ya siki iishe.

Bi Shwari
Mimi namalizia na maji. Usipake rangi nje mpaka jaribio lipite: ubao mtupu ukilowa hubadilika rangi, utaliona tundu lilipo. Weka tangi juu ya stendi inayolibeba chini kote, likubali pimamaji pande zote, ndipo ujaze theluthi, uache siku, uongeze. Likijaa, liache wiki. Maji hayo ya kwanza yamwage yote. Samaki wasiingie na kichujio kipya peke yake. Hamisha sifongo ya kichujio cha zamani ikiwa mbichi, usiioshe kwa maji ya bomba yenye klorini, maana bakteria wanaokula amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, wanaishi humo.