Wakuu, maneno mazuri mliyoambiwa mnayahifadhije?

Nesi wa Zamu ya Usiku: Wakuu habari zenu. Nafanya kazi wodi ya wazazi. Kazi naipenda, ila kuna siku narudi nyumbani sina hamu hata ya kula. Ukifokewa mbele ya ndugu wa mgonjwa, lile neno unalala nalo wiki nzima; ukishukuriwa, kabla hujafika stendi umeshasahau. Kuna mama alinitumia sauti WhatsApp, kichanga chake kinalia pembeni, ananiambia, "Dada, ulinishika mkono mpaka mwisho." Nikiisikiliza napata nguvu ya kuvaa sare tena. Sasa nataka nianze kuyakusanya, ila yametapakaa: mengine SMS, mengine niliambiwa mdomoni tu. Mnafanyaje? Au ndiyo kujisifu?

Fundi Simu: Pole dada. Ubonyeze ujumbe kwa muda, uweke nyota. Zenye nyota zote utazikuta sehemu moja. Ila nyota siyo hifadhi. Ukibadilisha simu bila bakapu, imekula kwako. Kagua pia kama hayo mazungumzo yamewashiwa ujumbe wa kutoweka, maana hujifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Sauti itoe ujitumie kwenye barua pepe yako.

Mama Wawili: Mie mtu wa kaunta buku. Andika neno kama lilivyotamkwa, tarehe, na ulichokuwa umefanya. "Hongera, uko vizuri" siku mbaya haikusaidii kitu, moyo unabishana nayo papo hapo. Lakini "ulirudi kunitazama na zamu yako imeshaisha" utaibishia vipi, na ulirudi kweli? Mengine hata hayaandikiki. Wifi yangu aliniletea kanga nilipojifungua mwanangu wa pili, na maneno yake kayachagua mwenyewe dukani. Doti mpaka leo sijaikata.

Jiwe Gumu: Watu wazima mnajibembeleza. Maisha ni kupambana.

Mama Wawili: Kaka yangu, matusi mbona unayakumbuka bila daftari?

Jiwe Gumu: 😂 Hapo umenipata.

Mstaafu: Binti, mimi nilikuwa tabibu. Majina ya wagonjwa usiandike, "mama wa mapacha" inatosha. Na usije ukaiweka ile sauti status, hata kama ni ya kukusifu. Mwenyewe alikutumia wewe. Jingine, usiyasome kila siku, utayazoea yawe kama tangazo la redioni. Kujisifu ni kuwasomea wengine. Ila huzuni ikikaa wiki mbili mfululizo, usingizi hauji, kitu ulichokuwa unakipenda hukitaki tena, hapo daftari siyo dawa. Nenda ukaonane na mtaalamu, na wewe ni mgonjwa kama wengine.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Asante baba, nimekuelewa. Sijafika huko, ni uchovu na maneno ya watu. Kaunta buku nanunua leo hii. Fundi, ile sauti niandike maneno yake au niiache hivyo hivyo?

Fundi Simu: Fanya vyote. Na faili ulibadilishe jina. Kwenye Android majina yanaanza na PTT halafu tarehe na namba, mwakani utazifungua zote ukiitafuta hiyo moja.