Tupeane uzoefu: umewahi kupangisha nyumba ya familia ugomvi ukiwa haujaisha?

Wapendwa, hamjambo. Naanza na yangu, niko Kaptembwa, Nakuru. Baba alituachia ploti ya vyumba kumi, mama na sisi watoto wanne. Mirathi ilikwama kwa sababu kaka mkubwa alikataa kutia sahihi. Vyumba vitatu vya mbele vikakaa vitupu miezi mitano, mabati yakaanza kuvuja, na mama anahitaji dawa za presha. Nikatafuta mpangaji bila kumwambia mtu. Akanipa dipoziti na kodi ya mwezi, akahamia Jumamosi.

Jumatatu jioni akanipigia simu. Nilipofika nilikuta kufuli la pili mlangoni, jipya, karatasi ya bei bado imening'inia. Watoto wake wawili walikuwa wameketi uani na sare za shule, mdogo amelalia begi. Wale watoto bado wananiuma.

Wakili alinisomea Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kifungu cha 45: kabla mahakama haijatoa hati ya usimamizi, huna ruhusa ya kuchezea mali ya marehemu. Ukipatikana na hatia, faini ni hadi shilingi 10,000, au jela hadi mwaka 1, au vyote viwili. Nilidhani dawa za mama zingenitetea. Nilirudisha pesa zote. Nanyi yaliwakutaje?

Wa Nyalenda, Kisumu: Pole sana dada. Mimi nilikuwa huyo mpangaji. Kila tarehe 5 simu mbili, ndugu wawili, kila mmoja anataka kodi itumwe kwake. Nililipa mkubwa, mdogo akakata maji. Siku hizi siingii nyumba kabla sijajua hati ya ardhi ina jina la nani.

Wa Lurambi, Kakamega: Kwetu mirathi ilikuwa imekwisha, hati ya ardhi ina majina matatu, kila mtu na fungu lake, ila dada hakutaka wapangaji. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 91, inasema mwenye fungu hawezi kumpa mtu wa nje sehemu yake bila idhini ya maandishi ya wenzake, na wao wasiinyime bila sababu ya maana. Kumbe dada aliogopa tu kwamba pesa zitaliwa. Tukafungua akaunti ya sahihi tatu na kununua daftari: tarehe, chumba, kiasi, sahihi. Kodi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro inaingia humo, tunalipa ada za kaunti na marekebisho, kinachobaki hakiguswi mpaka tukubaliane. KRA, mamlaka ya ushuru, nayo tunailipa asilimia 7.5 ya kodi hiyo, maana mapato yetu ya nyumba yanapita shilingi 288,000 kwa mwaka. Bado hatujapatana kuhusu kuuza, lakini dada mwenyewe ndiye anayeshika daftari.

Wa Mamboleo, Kisumu: Dada wa Kaptembwa, mbona hatumsikii mama? Kama baba hakuacha wosia, kifungu cha 35 cha hiyo Sheria ya Mirathi kinampa mjane haki ya kufaidi mali maisha yake yote. Yeye ndiye wa kwanza kuomba hiyo hati ya usimamizi.

Wa Kaptembwa: Asante, hilo hatukuwahi kulizungumza nyumbani. Nimemsomea mama jibu lako jana usiku. Alinyamaza kidogo, kisha akampigia kaka mwenyewe. Alhamisi tunaenda wote watatu kwa chifu kuchukua barua ya kuombea hati hiyo, na cheti cha kifo atakuja nacho kaka.