Taa ya upepo wa matairi haizimi, wanataka dola 520. Nibadilishe sensa zote nne?

MamaNuru
Ndugu zangu, habari za baridi. Nina Toyota Camry ya 2012, niko Minneapolis, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao na usiku huwa naendesha mpaka St. Cloud. Wiki iliyopita nimefunga matairi mapya manne. Kesho yake asubuhi ile taa ya manjano yenye alama ya mshangao ikaanza: nikiwasha gari inawaka na kuzima, inawaka na kuzima karibu dakika nzima, halafu inabaki imewaka moja kwa moja. Upepo nimejaza, taa iko pale pale. Mwaka jana ilikuwa inawaka asubuhi tu, kufika mchana imezima yenyewe. Nimepeleka kwa wakala, wananiambia sensa zote nne, vile vidude vya kupima upepo ndani ya matairi, zimekufa, dola 520. Hiyo ni karibu bei ya matairi yenyewe. Nilipe?

Baba_Kevo
Dada, usipoteze pesa zako. Nunua geji, pima mwenyewe, na hiyo taa ibandike tepu nyeusi. Ama waambie wakufungie valvu za kawaida za mpira, hizo sensa zitupwe. Nyumbani tumeendesha maisha yetu yote bila hizo vitu.

FundiMatairi
MamaNuru, pole. Kazi yangu ni matairi hapa hapa mjini, na msimu huu swali lako linafika kaunta karibu kila siku. Usilipe hizo 520 bado.

Angalia kwanza taa inavyowaka. Ikiwaka na kutulia papo hapo, tairi limepungua upepo. Ndiyo iliyokuwa inakusumbua mwaka jana: joto likishuka nyuzi 10 za Fahrenheit, tairi hupoteza kama PSI 1 (kipimo cha upepo), na ukitembea kidogo linapata moto, upepo unapanda, taa inazima. Lakini ikiwaka na kuzima dakika nzima ndipo itulie, gari linasema kuna sensa haliisikii. Hapo hata ujaze upepo vipi, haitazima.

Sensa iko ndani ya rimu, imeshikana na valvu. Betri yake imefungiwa ndani ya plastiki, haifunguliki wala haibadilishwi, na hudumu miaka 5 hadi 10 hivi. Kama zako ndizo zilizotoka kiwandani, umri umefika kweli. Ila nne kufa usiku mmoja, tena siku ya pili baada ya kufunga matairi? Hapo mimi nasita. Mashine ya kutoa tairi ina mkono unaosukuma mpira utoke kwenye rimu. Fundi akiuweka karibu na valvu, plastiki ya sensa inapasuka na wewe mwenye gari huoni chochote kwa nje.

Kwa hiyo waambie wakupimie kila gurudumu kwa kile kifaa cha mkononi. Kinasogezwa karibu na valvu, tairi halifunguliwi, na kinaonyesha namba ya sensa, upepo wake, mara nyingi na hali ya betri. Ni dakika chache, maduka mengi hayatozi. Ikiwa ni moja tu iliyo kimya, rudi na risiti pale ulipofungiwa matairi.

Bei: sensa isiyo ya Toyota, ile ya kuandikwa namba, utaipata kwa dola 30 hadi 50. Ukijumlisha kufungua tairi na kubalansi, duka la kawaida likikutoza 60 hadi 90 kwa gurudumu, si wizi. Toyota yako haijifunzi sensa mpya yenyewe, lazima namba iingizwe kwenye kompyuta ya gari kupitia soketi iliyo chini ya dashibodi, na wengine hutoza kazi hiyo peke yake. Njia ya kuikwepa ni sensa mpya kuandikwa namba ile ile ya zamani. Gari halitajua kama kuna kilichobadilika.

Jambo moja la huku kwenye baridi, na linaniuma kwa sababu nalikuta kila mara. Barabara zinamwagiwa chumvi. Valvu ya sensa nyingi ni ya aluminiamu, halafu mtu anatia kipini cha ndani (kile kinachozuia upepo usitoke) cha shaba au kifuniko cha chuma. Chumvi ikiingia, vinashikana. Utaona unga mweupe umezunguka nati, kama sembe. Ukijaribu kufungua, valvu inakatika mkononi, na kazi ya dola 10 imekuwa sensa nzima. Dai kipini kilichopakwa nikeli na kifuniko cha plastiki.

Baba_Kevo, geji naunga mkono. Tepu hapana. Taa hii husubiri upepo upungue robo nzima. Tairi la PSI 35 litakuwa limefika 26 hivi ndipo iwake. Ukiiziba, na hilo onyo la mwisho umelizima, na huyu dada anaendesha usiku kwenye barabara kuu ya I-94. Sheria iliyoleta sensa hizi ilipitishwa mwaka 2000 baada ya matairi ya Firestone kwenye Ford Explorer kubanduka mwendoni na magari kupinduka. Walikufa watu zaidi ya 200. Na valvu za mpira: sensa ikiwa nzima, duka haliruhusiwi kuitoa na kukuachia mfumo umekufa. Ikiwa imekufa kabla hujafika, wanaweza.

KakaGerezani
Niko Dar. Fundi, nikitumiwa sensa za Marekani kwa bei hizo, zitafanya kazi kwenye Land Rover Discovery iliyotoka Uingereza?

FundiMatairi
Hapana, kaka. Sensa huongea na gari kwa mawimbi ya redio: huku Camry kama hii inasikiliza megahetsi 315, gari la Uingereza linasikiliza 433. Utafunga, utabalansi, na taa itaendelea kuwaka. Agiza za 433. Na kabla ya kununua kwa ajili ya gari la Japani, hakikisha lina sensa. Kule si lazima kisheria. Mengine hutumia ABS, mfumo wa breki, kulinganisha mzunguko wa magurudumu, maana tairi lililopungua upepo huzunguka haraka kidogo. Hayo hayana cha kununua, unajaza upepo na kubonyeza kitufe cha kuanza upya.

MamaNuru
Nimepimiwa leo, bure. Tatu zinasoma: 33, 34, 31. Ya nyuma kulia ndiyo iko kimya kabisa. Nimerudi na risiti, kijana wa kaunta amesema meneja atakuwepo Jumatatu.

FundiMatairi
Vizuri. Jumatatu simama hapo wakati wanafungua tairi, uione sensa kwa macho yako. Ikiwa imepasuka, ni yao. Ikiwa nzima na betri ndiyo imeisha, lipia hiyo moja, ila ujue zile tatu ni rika lake, weka akiba kabla ya baridi ijayo. Namba huwa imechapwa kwenye mwili wa sensa, isitupwe mpaka mpya imeandikwa. Na hiyo ya 31 ijaze leo, usingoje Jumatatu.