Gitaa ukubwani: nilipie programu ya mwaka, nifuate masomo ya bure, au nimchukue mwalimu wa hapa Kigoma?

Mkazi wa Gungu
Wakuu, heshima kwenu. Mwaka huu nimeamua kujifunza gitaa na sitaki kuahirisha tena. Nina miaka 41, nipo Kigoma mjini, na sijawahi kushika chombo chochote cha muziki zaidi ya manyanga ya kwaya ya watoto.

Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni Yousician, ile programu ya simu inayokusikiliza ukipiga na kukupa alama. Nimeijaribu zile siku za bure kwa gitaa la kuazima, na sasa wameniletea punguzo nikilipia mwaka mzima, mwisho Ijumaa. Ya pili ni JustinGuitar, masomo ya bure mtandaoni. Ya tatu, kuna mpiga solo wa kwaya moja pale Mwanga amekubali kunifundisha Jumanne na Alhamisi kwa malipo ya mwezi. Pesa yangu inatosha programu au mwalimu, si vyote, maana gitaa lenyewe bado sijanunua. Dukani nimeona mawili, moja la nyuzi za nailoni na jingine la nyuzi za chuma, bei zinakaribiana. Naombeni mawazo kabla ya Ijumaa.

Solo la Magharibi
Mkuu, ya msingi umeyaacha. Unataka kupiga muziki gani: kwaya, rumba, au kuimba mwenyewe sebuleni? Kwa siku una dakika ngapi? Bando lako ni la uhakika au unaunga-unga? Jibu hayo kwanza, la sivyo kila mtu humu atakupigia debe anachokipenda yeye.

Mama Alto
Kaka yangu, usilipie chochote kwa sasa. Justin Sandercoe, yule mwalimu kutoka Australia, alianzisha tovuti yake mwaka 2003 na hadi leo masomo ya msingi ni bure. Thamani yake iko kwenye mpangilio. Anakuanzisha na kordi mbili tu (kordi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), D na A, halafu E. Kwa hizo tatu tayari unaweza kusindikiza nyimbo nyingi tunazoimba kanisani.

Zoezi lake la dakika moja ndilo lililonivusha mimi. Unaweka saa ya simu dakika 1, unatoka D kwenda A, unarudi D, unahesabu umebadilisha mara ngapi. Mwanzoni vidole vinapotea njia, vinatafutana. Ukifika mara 60 mkono unakwenda wenyewe na wewe unabaki kuimba. Kuhusu bando, naangalia somo usiku wakati bando ni nafuu, naandika kila kitu kwenye daftari, kisha nafanya mazoezi siku kadhaa bila kugusa intaneti. Sikuwahi kuhitaji zaidi ya hapo.

Fundi Redio
Dada Mama Alto, nakuheshimu, ila hapo kwenye "sikuhitaji zaidi" natofautiana nawe. Mtu anayeanza hasikii kosa lake. Anashika kordi ya D, kidole kimelalia uzi wa kwanza, uzi umekufa kabisa, na yeye anaona amepiga. Video haitamwambia. Programu itamwambia palepale. Halafu sisi tunaorudi nyumbani tumechoka, kitu kinachokumbuka umeishia wapi na kukuonyesha pa kuendelea kinasaidia sana. Miaka 41 si utoto, kichwa kina mambo mengi. Lipia mkuu, punguzo likipita limepita.

Mwalimu Mstaafu Ujiji
Wanangu, programu inasikia sauti lakini mkono haiuoni. Nimefundisha muziki shuleni miaka mingi na ninachokutana nacho kwa watu wazima ni kiwiko kimebanwa mbavuni, bega limepanda, kidole gumba kinakaba shingo ya gitaa kama mtu anayenyonga kuku. Sauti inaweza kutoka safi kabisa na baada ya miezi michache kifundo cha mkono kinaanza kuuma. Anayeweza kukushika bega na kulishusha ni mtu aliyekaa mbele yako.

Na tuseme ukweli wa huku kwetu. Kuanzia Novemba mvua ikinyesha juu ya bati, simu haisikii gitaa. Mjukuu wangu anatumia programu ya aina hiyo. Mvua ikianza anapiga sauti sahihi na inamwandikia amekosea, anakasirika, anaweka gitaa chini. Mchukue huyo kijana wa Mwanga.

Fundi Redio
Shikamoo mzee. La mvua ni kweli, silibishi. Ila gitaa likiwa na waya wa kuchomeka tatizo hilo linapungua, na mvua hainyeshi usiku wote.

Mkazi wa Gungu
Shikamoo mzee, na asanteni sana wote. Najibu maswali ya Solo la Magharibi. Nataka kusindikiza kwaya yetu, na moyoni kabisa nataka rumba, ile ya ng'ambo ya ziwa. Nina nusu saa usiku watoto wakilala. Bando naunga. Na kuna jambo nilidhani si muhimu: mimi ni mashoto. Lile gitaa la kuazima nimelipiga kawaida kama wengine lakini naona mkono wa kulia mzito.

Solo la Magharibi
Mkuu! Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza. Linabadilisha kila kitu, hadi gitaa la kununua.

Kinanda cha Kasulu
Geuza nyuzi, piga kwa mkono wako. Jimi Hendrix alichukua magitaa ya mkono wa kulia, akageuza nyuzi, na hakuna aliyemzidi. Mkono ulioumbiwa ndio wenye mahadhi.

Mama Alto
Na Mark Knopfler ni mashoto anayepiga kwa mkono wa kulia, naye hakuna asiyemjua. Kaka, kwenye kupiga gitaa mikono yote miwili inaanza upya, na wa kushoto ndio wenye kazi nyingi za kubonyeza. Wewe mashoto una mkono hodari pale wenye mkono wa kulia tunapotaabika. Tena fikiria ukienda kanisani, gitaa lililopo ni la mkono wa kulia. Ukienda kwa rafiki, hivyo hivyo. Utabeba lako kila uendako?

Fundi Redio
Kugeuza si kubadilisha nyuzi tu. Kile kipande cha juu ya shingo kina mifereji iliyochongwa kwa unene wa kila uzi. Uzi mnene hauingii kwenye mfereji wa uzi mwembamba, na mwembamba ukiwekwa kwenye mfereji mpana utazomea. Lazima kichongwe kipya. Na kwenye gitaa la nyuzi za chuma kile kiwambo cha kwenye daraja, yaani kipande chembamba kinachobeba nyuzi pale zinapofungwa tumboni mwa gitaa, kimewekwa kwa mshazari ili sauti zikae sawa hadi juu, ukigeuza nyuzi gitaa halitatyuni vizuri ukipanda shingo. La nailoni kiwambo kwa kawaida kimenyooka, hapo kuna unafuu. Kwa hiyo kama utageuza, chukua la nailoni.

Ila kuna faida moja ya mashoto kwenye video ambayo haisemwi. Mwalimu wa mkono wa kulia akikuangalia kwenye kioo cha simu, wewe uliyegeuza gitaa unamwona kama kwenye kioo cha ukutani. Mkono wake ulipo ndipo wako ulipo. Ni michoro ya kordi tu utakayolazimika kuigeuza kichwani.

Kijana wa Mwandiga
Rumba kwa nailoni? Hapana. Shingo ya nailoni pale juu ina upana wa milimita 52 hivi, ya chuma kama Yamaha F310 ni 43. Kwa solo za haraka utachoka. Nunua la chuma, vidole vitauma wiki mbili tatu, ngozi itakomaa, basi.

Mpenda Nyuzi Urambo
Jamani kabla hajanunua chochote niseme yaliyonikuta, maana hapo kwenye nailoni na chuma ndipo watu wanapoumizwa.

Nilinunua gitaa la mtumba kwa muuzaji mmoja, mji sitautaja. Aliniambia ni la chuma, akalipiga mbele yangu, lina sauti kubwa, linalia vizuri. Nikalipa, nikapanda nalo basi hadi nyumbani. Baada ya muda nikaona nyuzi zimeinuka, kubonyeza freti ya tano, kile kijiti cha tano cha chuma shingoni, kunahitaji nguvu kama unafunga nati. Nikadhani ndivyo lilivyo. Usiku mmoja nikasikia mlio ukutani nilipolitundika, kama mtu amepiga mlango teke. Daraja lilikuwa limeng'oka lote na kipande cha mbao ya juu kimetoka nalo, nyuzi zinaning'inia.

Fundi seremala nilipompelekea alinionyesha. Kichwa cha gitaa kilikuwa na zile nafasi mbili ndefu zilizotobolewa na vipande vyeupe vya kuviringishia nyuzi, yaani gitaa la nailoni tangu lilipotoka kiwandani. Muuzaji alikuwa ameweka nyuzi za chuma ili lilie kwa nguvu dukani. Seti ya nailoni ikikazwa inavuta kama kilo 40, seti ya chuma ya kawaida inakaribia kilo 75. Mbao nyembamba ile haikuumbwa kwa mzigo huo. Nilimpigia muuzaji, akasema mali ikishatoka dukani si yake.

Kwa hiyo mkuu, ukifika dukani angalia kichwa. Kisha chungulia nyuma ya daraja, ukiona ufa mwembamba hata wa kupitisha karatasi, ondoka. Weka jicho usawa wa shingo kama fundi anavyopima ubao, uone kama imepinda. Usiruhusu muuzaji alipige yeye tu.

Mama Alto
Pole sana ndugu yangu. Huu ujumbe ungebandikwa juu kabisa.

Solo la Magharibi
Turudi kwenye rumba. Hizi kozi zote mbili, ya kulipia na ya bure, zimejengwa kwa muziki wa Ulaya na Marekani. Zitakupa kordi, mapigo, kubadilisha kwa wakati. Hazitakupa sebene. Sebene ni kukaa kwenye kordi tatu, tuseme C, F na G, na kuzungusha sauti mbilimbili juu yake huku kiganja kikiuzima uzi kidogo. Hilo unalipata kwa kukaa na mtu. Watu wa Tabora wanajua, ndiyo maana mji ule ulitoa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz na mtindo wake wa segere matata.

Kijana wa Mwandiga
Tabora walipata wapi kama si kwetu? Muziki wa Kongo ulivuka ziwa ukafikia Kigoma kwanza. Kigoma ilikuwa na Lake Tanganyika Jazz.

Solo la Magharibi
Muziki ulikuja kwa redio na sahani za santuri pia, haukusubiri mashua. Na Tabora ni njia panda ya reli, kila bendi ilipita pale.

Mwalimu Mstaafu Ujiji
Wote mna haki, msigombane. Wapigaji wa Kigoma walihamia Tabora na wa Tabora walikuja huku, bendi zilikuwa zinachukuliana watu. Mwenye swali anasubiri.

Kinanda cha Kasulu
Ile sauti nyembamba inayokimbia katikati ya solo na rizimu kwenye rumba, wanaifanyaje? Nimejaribu kwenye gitaa la kawaida haitoki.

Solo la Magharibi
Hiyo ni mi-composé. Unatoa uzi wa nne, ule wa D, unaweka uzi mwembamba wa unene wa uzi wa kwanza na kuukaza hadi D ya juu, oktava moja zaidi. Haukatiki, kwa sababu uzi huo umetengenezwa kufika E.

Mkazi wa Gungu
Nimesoma yote, hadi ya Urambo nimeisoma mara mbili. Jana nilikwenda dukani, lile la chuma lina ufa nyuma ya daraja kama mlivyosema. Limebaki la nailoni. Mwalimu wa Mwanga nimemuuliza kuhusu mashoto, anasema hajawahi kufundisha mtu wa kushoto lakini yuko tayari. Kuhusu Ijumaa bado nafikiri. Mama Alto, nikianza na ya bure mwezi mmoja halafu nimchukue mwalimu, nitakuwa nimechelewa?

Mama Alto
Hujachelewa hata kidogo. Ila amua mkono kwanza. Ukianza kulia ukahamia kushoto baada ya mwezi, utarudi mwanzo.

Fundi Redio
Na ununue seti ya pili ya nyuzi siku hiyohiyo. Huku ukikatikiwa na uzi wa tatu Jumamosi, Jumapili huna gitaa.

Kinanda cha Kasulu
Hapa Kasulu nyuzi za nailoni sizipati kabisa, zipo za chuma tu. Kigoma mjini ni duka gani? Na zinauzwa mojamoja?

Kijana wa Mwandiga
Sokoni Mwanga, upande wa vifaa vya redio na spika, wapo wanaouza mojamoja. Uliza waziwazi za nailoni, na uzikague mwenyewe kabla ya kulipa.