Mtoto anazitaja alama zote za uandishi, hajui kuitia hata moja

Assalaam alaykum. Nna hasira, na leo nazitoa hapa hapa.

Jana usiku nimemwambia binti yangu wa darasa la sita hebu nitajie alama za uandishi. Kazimimina kama maji: nukta, mkato, nukta pacha, kiulizi, ritifaa. Na maelezo ya kila moja, neno kwa neno kama yalivyokuwa ubaoni. Nikafungua daftari lake la insha. Ukurasa mzima nukta hamna! Sentensi inaanza juu paka anaingia jikoni, inakwisha chini watu wameshalala. Katikati kaandika "mama kala samaki". Nani kala, mimi au paka? Kumbe alikuwa ananiita: "Mama, kala samaki!" Mkato mmoja haupo, maana yote imepinduka. Mwalimu kampa 8 kwa 10, basi. Na mwisho: "tunakaa Ngambo". Mtoto kazaliwa Ng'ambo hapa mjini Unguja, kakulia Ng'ambo, na hakuna aliyemuonesha ritifaa inakaa wapi.

Kinachoniuma zaidi, mtoto huyu huyu chuoni, akisoma Kurani, akisimama pasipo kituo, ustadhi anamrudisha mwanzo wa aya. Akiona mim ndogo juu anajua hapa lazima asimame, akiona lam-alif anapita. Kwa hiyo msinambie watoto wa siku hizi wazito! Chuoni anasoma na anasikilizwa. Skuli ananakili, anahifadhi, anachagua A, B, C au D, yamekwisha.

Imla imekwenda wapi? Nimelifunua daftari lote tangu skuli zifunguliwe, hamna hata moja. Sisi tukisomewa kifungu taratibu, sauti ya mwalimu ikishuka unajua nukta, akivuta pumzi kidogo unajua mkato, kisha tunabadilishana madaftari tusahihishane. Nilikuwa siipendi hata kidogo. Lakini barua naandika na ikafahamika.

Najua madarasa yamejaa na walimu wamechoka. Sitaki insha kila siku. Sentensi tano kwa wiki, kosa lizungushiwe kalamu nyekundu, mtoto airudie. Hiki si ndicho Kiunguja kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu? Wageni wanapanda ndege kuja SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kukisoma, na wetu hawajui sentensi inakomea wapi!

Jumatatu naingia skuli na daftari mkononi. Wazee wenzangu, kabla hamjanijibu, fungueni kwanza madaftari ya wanenu mhesabu nukta.