Naomba ushauri: nguru kwenye mitambo ya mafuta, Ghuba ya Mexico, kwa kayaki

Wakuu, habari za bahari. Nimezaliwa Lamu, sasa naishi Texas. Nguru nimemvua tangu utotoni kwa mshipi wa mkono, lakini tulikuwa watu wanne ndani ya dau. Huku niko peke yangu kwenye kayaki (mtumbwi mwembamba) ya pedali, futi 13, na nguru wa huku (binamu wa wetu, tabia ni zile zile) hukaa kuzunguka nguzo za mitambo ya mafuta, ambako samaki wadogo hujificha.

Jumamosi nilipoteza wawili. Wa kwanza alikata mshipi kwa meno, kosa langu, sikufunga waya. Wa pili alikimbia moja kwa moja hadi nguzoni, na zile nguzo zimejaa chaza wakali kama wembe. Kwisha.

Nifanyeje? Nilegeze breki ya rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) akimbie apendavyo huku kayaki ikiburutwa, au nimkazie mapema? Na je, ni busara kujifunga kwenye mtambo kwa kamba, au nibaki nikipiga pedali upande ambao mkondo unanitoa mbali na nguzo?

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi: kumpakia. Sheria ya Texas inaruhusu watatu kwa siku, kuanzia inchi 27, lakini huyo mmoja tu mwenye meno, akirukaruka mapajani mwangu, na papa wakinusa damu chini... Mnatumia kulabu au wavu? Jaketi la kuelea na redio ninavyo.