Mada: Je, mshenga arudishwe kwa sababu ya mgonjwa wa akili katika ukoo?

Mleta mada, Makorora, Tanga:

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Hapa kwetu, posa ikifika, wazee huuliza kwa siri kama upande wa pili umewahi kuwa na mwendawazimu, na jibu likiwa ndiyo, mshenga hurudishwa bila maelezo. Napinga desturi hiyo, ingawa sikani kwamba skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili ambao wengi huuita wazimu, hufuata damu. Katika watu 100, takriban mmoja huipata maishani mwake, na kwa watoto ambao mzazi wao mmoja anaugua, idadi hiyo hukaribia 10. Maana yake, wengi sana wa watoto hao, takriban 90 katika kila 100, hawaipati. Hata mapacha wa kufanana, waliorithi vinasaba vilevile, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki mzima.

Kwa hiyo kuna jambo jingine linaloungana na urithi. Uholanzi, waliotungwa mimba katika njaa kali ya 1944 hadi 1945 walikuja kuugua skizofrenia kwa kiasi cha mara mbili ya wengine. Utafiti wa daktari wa magonjwa ya akili Pekka Tienari nchini Finland unanishawishi zaidi, kwa sababu ulifuatilia watoto waliozaliwa na mama wagonjwa lakini wakalelewa na familia nyingine: walioangukia nyumba zenye ugomvi na malezi yaliyovurugika waliugua zaidi kuliko waliolelewa kwa utulivu, ilhali watoto wasio na urithi huo hawakuathirika kwa kiasi hicho na nyumba za namna hiyohiyo. Ni urithi na mazingira kwa pamoja. Basi kwa nini tunauliza habari za mjomba wa bwana harusi, wala hatuulizi kama kijana mwenyewe anavuta bangi, ambayo nayo huongeza hatari?

Mchangiaji, Pongwe:

Ndugu yangu, mimi nina binti wa kuoza. Hatari iliyozidi mara kumi haiwi ndogo kwa kuwa umeihesabu upande wa wazima. Isitoshe, maradhi haya huanza zaidi ujanani, umri uleule wa kuoa, na sote tunazijua familia zinazomficha kijana aliyekwisha kuugua na kumwozesha kwa matumaini kwamba ndoa itamtuliza. Anayeachwa na mzigo ni mwanangu. Mtanilaumuje kwa kuuliza?

Mchangiaji, muuguzi mstaafu, Korogwe:

Dada wa Pongwe, kuhusu kufichwa nakuunga mkono kikamilifu. Mgonjwa kuozwa bila mwenzake kujua ni dhulma kwa wote wawili, maana mwenye ugonjwa huingizwa katika gharama, kukosa usingizi na matarajio ya wakwe, na mara nyingi huacha dawa ili siri isivuje. Huko ni kumrudishia maradhi kwa mikono yetu. Wilayani kwetu ipo hospitali ya Lutindi, ambayo imehudumia wagonjwa wa akili kwa zaidi ya karne moja. Lakini mgonjwa akitoka wodini anarudi nyumbani, na tafiti zilizoanzia London kwa mtafiti George Brown zilionyesha kwamba wanaorudi kwa jamaa wenye kuwakaripia na kuwasimanga hurudiwa na ugonjwa zaidi.

Ila kuchunguza ukoo hakutamlinda binti yako kama unavyodhani. Wagonjwa wengi wa skizofrenia hawana mzazi wala ndugu wa tumbo moja anayeugua. Hakuna kinasaba kimoja cha wazimu: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulitaja sehemu 287 za vinasaba, kila moja ikichangia kidogo, na nyingi za tofauti hizo zimo ndani ya watu wazima wa akili, pamoja na wewe na mimi.

Mleta mada:

Nakubali kwamba mchumba aliyekwisha kuugua aseme, na aseme kabla ya mahari kutajwa. Lakini wazee wakitaka ukweli huo, waanze kwa kuacha kumrudisha mshenga kwa ajili ya shangazi au mjomba, kwa sababu maadamu jina la ukoo mzima linachafuka kwa mgonjwa mmoja, kila familia itamfungia wake chumbani na kuchelewa kumpeleka hospitali. Dada wa Pongwe, kijana akikuambia waziwazi kwamba aliugua, anatumia dawa na sasa ametulia, utamjibu nini?